Chupa, Maji na Mpira

Mashine ilifika kwetu Katuba, Lubumbashi, jioni moja ya Juni 2018, imesimamishwa kwenye kiti cha nyuma cha taksi na kuzungushiwa blanketi kama mgonjwa. Wanaume wawili waliibeba hadi chumbani kwa Baba. Yaya, dada yangu mkubwa, akachomeka waya. Taa ya kijani ikawaka, mngurumo ukaanza, na kila baada ya sekunde chache mashine ikawa inashusha pumzi nzito. Tulinyamaza sote tukiisikiliza. Tulikuwa tumechanga kwa miezi mitano, watoto na wakwe, mpaka mdogo wetu aliyeko Kolwezi akauza pikipiki yake. Mama alisema, "Aksanti Mungu," akaketi chini akiegemea ukuta. Baba, na mirija yake miwili midogo puani, alilala usiku ule.

Asubuhi akakohoa vilevile. Kikohozi kilekile kizito, kinachogaragara kifuani kama changarawe ndani ya debe. Alikuwa anahangaika kutoa kitu kisichotoka, mishipa ya shingo imemsimama, mkono mmoja umeshika ukingo wa kitanda. Hewa ilikuwa inaingia, nayo mashine ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Kilichotakiwa kutoka hakikutoka.

Ilinichukua karibu miezi miwili kuelewa kwamba kupungukiwa oksijeni ni jambo moja na kuzibwa njia ya hewa ni jambo lingine. Kwa macho ya mtoto anayemwangalia mzazi wake, mambo hayo hayana tofauti. Yote mawili yanamketisha mtu kitandani saa tisa usiku, viwiko juu ya magoti, mdomo wazi. Lakini kila moja lina kifaa chake, na kifaa cha hili hakitibu lile. Sisi tulinunua kifaa kabla ya kuuliza ugonjwa unataka nini, kwa sababu tulikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hununua kilicho kikubwa.

Baba alikuwa mtu wa shaba. Alitumia miaka yake ya nguvu mbele ya tanuri, na kabla ya hapo, akiwa kijana, aliwahi kuugua kifua kikuu akatibiwa akapona. Lubumbashi ni mji uliojengwa kuzunguka tanuri. Lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na kwa sababu upepo wetu huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, moshi ulielekea kaskazini-magharibi miaka nenda miaka rudi. Ukipanda kule Penga Penga utaona ardhi ambayo miti yake ilikufa kabla sisi hatujazaliwa. Ongeza vumbi la kiangazi, ongeza makala, yaani makaa, ambayo kila nyumba inapikia. Daktari alipotuonyesha picha ya kifua hakutaja chanzo kimoja. Alisema mabronshi, yaani mirija ya hewa kifuani, ya upande wa chini yamepanuka na kulegea, hayana tena ule unyoya mdogo unaosukuma makohozi kwenda juu, kwa hiyo makohozi yanatuama, yanaoza, yanaleta homa, na kila homa inapanua mabronshi zaidi. Nilifikiria mfereji wa mbele ya nyumba yetu mwezi wa Januari, pale maji yanapopata shimo.

Hata hivyo mashine ile hatukuitupa. Usiku kiwango cha oksijeni mwilini mwa Baba kilishuka kweli, na daktari aliiacha kwa ajili ya usiku. Kwa hiyo niliifahamu vizuri, na ninayoyajua nitayasema, kwa sababu mwaka 2020, Covid ilipofika kwetu, watu wengi waliitafuta mashine kama hiyo kwa pupa ileile tuliyokuwa nayo sisi.

Konsantreta, ndivyo mashine hiyo inavyoitwa, haina oksijeni ndani yake. Inavuta hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21, inaisukuma ndani ya nguzo mbili zilizojaa punje za madini yanayoitwa zeolaiti, punje hizo zinakamata nitrojeni, na kinachopita ni oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Nguzo moja inapofanya kazi nyingine inajisafisha. Ndiyo maana ya ile sauti ya kushusha pumzi. Faida yake ni kwamba haiishi kama chupa ya oksijeni. Hasara yake ni umeme. Mashine ya lita 5 kwa dakika inakula kama wati 350, na ukiiendesha usiku na mchana ni zaidi ya kilowati-saa 8 kwa siku moja. Betri nzuri ya volti 12 na ampea-saa 200, ukitumia nusu yake ili isife mapema, itakupa saa tatu hivi. Katuba kuna usiku ambao kurant inakatika saa moja na kurudi alfajiri. Fanya hesabu hiyo kabla ya kutoa pesa, maana muuzaji hataifanya kwa niaba yako.

Ndugu yetu mmoja anayeishi Texas alitaka kutusaidia. Alipata mashine nyingine, iliyotumika lakini nzima kabisa, akailipia njia yote. Ilikuwa ya volti 115 na hezi 60. Kwetu ni volti 220 na hezi 50. Tulinunua transfoma, na transfoma ilirekebisha volti, lakini hezi haiguswi na transfoma. Mota ikawa inazunguka polepole kuliko ilivyotengenezwa, inapata joto, na oksijeni inayotoka ni hafifu. Hilo la mwisho hatukuliona kwa macho. Tulikuwa tunatumbukiza ncha ya mrija ndani ya glasi ya maji, tunaona mapovu, tunaridhika. Mapovu yanaonyesha kwamba kuna upepo unaotoka. Hayasemi ni upepo wa nini. Fundi wa hospitali alipoleta kipimo chake alipata asilimia 61. Shirika la Afya Duniani linataka isishuke chini ya 82. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu konsantreta ya mkono wa pili, ninamwambia afanye mambo mawili: asome saa zilizoandikwa kwenye kaunta ya mashine, na asilipe kabla oksijeni haijapimwa.

Kuhusu chupa za chuma nitasema kidogo. Tulikuwa na moja ya akiba. Ukizidisha lita za chupa kwa bar zinazosomeka kwenye saa yake unapata kiasi kilichomo: chupa ya lita 10 yenye bar 150 ina lita 1,500, na kwa lita 2 kwa dakika ni saa 12 na nusu. Chukua ya hospitali, iliyosafishwa na kukaguliwa kwa ajili ya wagonjwa, hata kama mtu wa karakana anakwambia ya kuchomelea ni gesi ileile. Na mafuta yasiguse kichwa chake. Mdogo wangu wa mwisho ni mekanika. Siku moja skurubu ya chupa ilikaza, akaenda kuchukua grisi kwa nia njema kabisa, na vidole vyake tayari vilikuwa vyeusi. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta inaweza kuwaka bila kiberiti. Nilimzuia mlangoni. Bado ninamwona pale mlangoni, ameshika kikopo cha grisi, haelewi kwa nini ninapiga kelele.

Hofu yangu nyingine ilikuwa mbabula, jiko letu la makala. Juni na Julai Lubumbashi ni baridi kweli. Tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wazee wanatetemeka. Mama alikuwa na desturi ya kuingiza mbabula chumbani, makala yakiwa mekundu, moshi umekwisha. Tuliitoa siku ile ile mashine ilipoingia, kwa sababu ya moto. Baadaye nikajua sababu ya pili, ambayo ni mbaya zaidi. Makala mekundu yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, ambayo huikalia damu mahali pa oksijeni. Na kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni hakiwezi kutofautisha. Kitakuonyesha 97 wakati mtu anazimika.

Kipimo hicho nilikipenda mno mwanzoni. Nilikuwa ninaamka mara tano usiku kukitazama, na namba yake ndiyo iliyoamua kama nitalala. Sasa ninakiheshimu kwa kiasi. Kidole cha baridi kinakidanganya, rangi ya kucha inakidanganya. Na mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kipimo hicho kilisema "salama" huku damu ikipungukiwa oksijeni, karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Jambo hilo linatuhusu sisi kuliko mtu yeyote. Kipashe kidole moto kwanza, subiri namba itulie, halafu mtazame mgonjwa mwenyewe: anaweza kumaliza sentensi? midomo yake ikoje?

Kosa kubwa nililifanya mimi kwa mkono wangu. Usiku mmoja wa Julai namba ilishuka hadi 86, nikazungusha kitufe kutoka lita 1 hadi 4. Namba ikapanda hadi 96, nikafurahi. Asubuhi Baba hakuamka vizuri. Alikuwa mzito, anaumwa kichwa, ananiita kwa jina la shangazi yangu aliyekufa zamani. Daktari alieleza kwamba mapafu yaliyochoka kwa miaka mingi yanaweza kushindwa kutoa hewa chafu pale oksijeni inapozidi, na hewa hiyo chafu humlewesha mtu. Kwa Baba alitaka kati ya 88 na 92, basi. Aliandika "1" kubwa kwenye plasta na kuibandika kando ya kitufe. Oksijeni ni dawa, ina kipimo chake kama dawa nyingine yoyote, na mimi nilimpa baba yangu dozi mara nne bila kumuuliza mtu.

Ni daktari huyohuyo aliyetutumia kinezi. Kwetu ndivyo tunavyomwita, kwa Kifaransa cha mji, mtaalamu wa kutibu kwa mikono na mazoezi. Alikuja kwa miguu, mwanamume wa makamo, mkononi hana kitu. Nilidhani atakwenda moja kwa moja kwenye mashine. Hakuitazama. Aliomba kikombe ambacho Baba alikuwa anatemea, akakiinamisha dirishani kwenye mwanga.

"Muzee, makohozi inakuya sana asubuhi ao mangaribi?"

"Asubuhi," Baba akasema. "Asubuhi njo mbaya."

Aliweka viganja vyake viwili mgongoni mwa Baba, chini ya mabega, akamwambia apumue. Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi. "Mama, hii mashine inaleta hewa. Haina mikono ya kutoa uchafu." Akaniomba chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu na kipande cha mpira.

Mpira tulioupata kwanza aliukataa, ulikuwa mwembamba kama mrija wa soda. Alitaka wenye tundu la milimita 10 hivi, kwa sababu tundu dogo humchosha mgonjwa bure. Nilikwenda kwa wauza vifaa vya mabomba nikarudi na mpira mweupe wa kuona ndani, nikakata sentimita 60. Alitia maji ndani ya chupa mpaka kina cha sentimita 10, akapima kwa vidole, akatumbukiza mpira mpaka karibu na kitako, na mdomo wa chupa akauacha wazi.

"Vuta hewa kwa pua. Sasa puliza mupole mupole, mapovu isikatike."

Baba alipuliza. Mapovu yakapanda, blublublu, kama sufuria ya bukari, ugali wetu, inayoanza kuchemka. Mara kumi na mbili. Halafu kinezi akamfundisha kutoa pumzi kwa kishindo huku koo likiwa wazi, haa, kama anayepulizia kioo akitie ukungu apate kukifuta. Mara mbili. Kisha ndiyo akohoe. Kikatoka. Kilitoka kinene, kijani, kingi, bila ile vita ya mishipa ya shingo, na Baba akakitazama kikombe kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Ufundi wake ni huu. Bronshi iliyolegea, mtu akikohoa kwa nguvu, hujikunja yenyewe na kufunga njia, makohozi yakabaki nyuma ya mlango. Maji ya kina cha sentimita 10 yanaizuia pumzi kidogo inapotoka. Kizuizi hicho kinashikilia njia wazi, hewa inapata kupenya hadi nyuma ya makohozi, na mtetemo wa mapovu unayalegeza. Viko vifaa vya dukani vya kazi hiyohiyo. Kimoja, kilichobuniwa Uswisi, kina umbo la kiko, na ndani yake gololi ya chuma inayorukaruka mtu anapopuliza. Ni kifaa kizuri, kinaingia mfukoni, na anayeweza kukipata asisite. Ziko fulana zinazotikisa kifua kwa umeme, zinazogharimu bei ya gari. Baba alitumia chupa kwa karibu miaka mitatu, asubuhi na jioni, robo saa kila mara. Maji yalibadilishwa kila siku, mpira ukaoshwa kwa sabuni na kuning'inizwa ukauke, na kila baada ya wiki chache nikakata mpya. Kinezi alituonya jambo moja tu kwa ukali: tukiona damu kwenye kikombe, tusimame, tusipige mgongo, tuende hospitali.

Wiki ya pili Baba alinisimulia, akiwa ameketi juani uani, jinsi alivyomwoa Mama. Alisimulia bila kusimama katikati ya sentensi. Nilikuwa nimesahau kwamba baba yangu ni mtu wa sentensi ndefu.

Mashine ya aerosoli tuliongeza baadaye, ile inayogeuza maji ya chumvi na dawa kuwa ukungu wa kuvuta, ili kuyalainisha makohozi kabla ya chupa. Hiyo ilikuwa na thamani, lakini ilitaka usafi ambao sikuwa nimejiandaa nao. Kikombe chake nilikiosha kwa maji ya bomba na kukirudisha kikiwa na unyevu. Baba akapata homa. Tangu hapo kikombe kilichemshwa, kikakaushwa juu ya kitambaa safi, na usiku hakikuachwa na tone.

Kwa jirani yetu palikuwa na mtoto wa miaka sita mwenye pumu, na mama yake alikuwa anaweka akiba anunue aerosoli kama ya kwetu. Kinezi alimzuia. Alimwonyesha jinsi ya kutoboa kitako cha chupa ya plastiki ya nusu lita, kuingiza pampu ya dawa pale, kuziba pembeni kwa plasta, na mtoto akavuta kwa mdomo wa chupa. Hilo hakulibuni yeye mwenyewe. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet majaribio yao kwa watoto wenye pumu, na chupa ya aina hiyo ilifanya kazi sawa na kifaa cha kiwandani. Mama yule alinunua pampu ya dawa kwa pesa zilizokuwa za mashine.

Mashine ya kufyonza makohozi tuliambiwa tuinunue mapema, na muuzaji mmoja wa katikati ya mji alitusukuma sana. Kinezi alikataa. Mtu anayeweza kukohoa, alisema, hatiwi mpira kooni. Unamjeruhi, unamtisha, unamzoesha uvivu. Kifaa hicho ni cha aliyepooza, au aliyetobolewa koo, au aliyeishiwa nguvu. Wakati wake ulifika Machi 2021, wiki tatu za mwisho, Baba alipokuwa hana tena pumzi ya kusukuma hata povu moja. Tulichagua ya kukanyaga kwa mguu, kwa sababu ya kurant. Muuguzi alinifundisha: funga njia ya kufyonza unapoingiza, fungua unapotoa, sekunde 10 zisizidi, halafu mwache apumue. Nilikuwa ninashusha pumzi yangu mwenyewe na kuibana, na ilipoanza kuniuma mimi nilijua yeye amechoka. Mguu wa kulia ukikanyaga, mkono wa kushoto umeshika kichwa chake. Baba alinitazama muda wote. Tulimzika Aprili.

Konsantreta ilibaki pembeni ya chumba, imefunikwa kanga ya Mama, kaunta yake wakati ule ikisoma saa 5,118. Punje zake huharibika kwa unyevu mashine ikikaa bila kazi, kwa hiyo niliiwasha nusu saa kila mwezi, na Mama akawa anatoka nje ninapofanya hivyo kwa sababu ya ile sauti.

Mwaka uliofuata alikuja kijana kutoka komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Alikuwa amesikia kanisani kwamba tuna mashine. Mama yake alikuwa mgonjwa, yeye mwenyewe alikuwa hajalala, na alikuwa na pesa ndani ya bahasha. Alisimama mlangoni mwa chumba akiitazama.

"Inawasha vipi, mama? Nianze na lita ngapi?"

Nilimwambia aketi kwanza. Nilimletea maji. Kisha nikamuuliza mama yake anakohoa namna gani.